Wahandisi Wanapojihukumu Wenyewe

Mhandisi aliyesajiliwa Dar es Salaam au Nairobi, anapohamia jimbo la Ontario nchini Kanada na kuanza kuulizia ni wizara gani itoayo leseni, hustaajabu kuambiwa kwamba hakuna wizara ihusikayo, wala hakuna bodi ya serikali mfano wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Wahandisi wenyewe, kupitia chombo chao kiitwacho Professional Engineers Ontario, ndio waandikao majina daftarini, ndio wapokeao mashtaka, na ndio wamhukumuo mwenzao atendapo taksiri. Msingi wa mamlaka hayo ni sheria ya jimbo ya mwaka 1922, na mapatano yenyewe yako wazi: wao wapewe peke yao haki ya kujiita wahandisi na kuifanya kazi hiyo, nao watangulize usalama wa umma mbele ya maslahi yao. Kwa ajili hiyo, mwaka 2000, shughuli ya kuwatetea wahandisi ilitengwa ikapewa chama kingine kabisa, kwani ilikuwa vigumu kwa kadhi kuwa wakili wa mshtakiwa katika shauri lile lile.

Mtu yeyote, hata mpangaji asiyejua kuusoma mchoro, anaweza kupeleka lalamiko. Kamati ya malalamiko hulichunguza, na ikiona lina msingi hulipeleka mbele ya kamati ya nidhamu, ambayo jopo lake lina uwezo wa kumkaripia mkosaji, kumsimamisha kwa muda usiozidi miezi 24, kumfutia leseni, au kumtoza faini isiyozidi dola 5,000, kiasi ambacho, kwa maoni yangu, mhandisi wa miradi mikubwa hukilipa bila hata kukunja uso. Kinachouma ni kupoteza leseni, na kuchapishwa kwa hukumu pamoja na jina lako.

Walakini, hukumu isiyowafikia wanaostahili kuijua haimlindi mtu, na hilo lilidhihirika huko Elliot Lake, mji wa kaskazini mwa Ontario ulioanzishwa kwa ajili ya migodi ya urani, ambako mwaka 1980 lilifunguliwa jengo kubwa la maduka, Algo Centre Mall, lenye hoteli, ofisi na hata maktaba ya mji, na ambalo paa lake lilifanywa kuwa maegesho ya magari. Paa lilivuja tangu mwanzo. Kila majira ya baridi magari yalipanda na chumvi inayonyunyizwa barabarani ili kuyeyusha barafu, maji yale ya chumvi yakapenya zegeni, na kwa muda wa miaka zaidi ya 30, ilhali wenye jengo walibadilika mmoja baada ya mwingine na ndoo zikawekwa chini kukinga matone, chuma kikaliwa na kutu polepole. Wahandisi waliitwa mara nyingi wakaandika ripoti zao, na ripoti zikabaki mikononi mwa aliyezilipia. Alasiri ya tarehe 23 Juni 2012 kiungo kimoja cha boriti na nguzo kilikatika, sehemu ya paa ikaanguka, wanawake wawili wakafariki, na watu wapatao 20 wakajeruhiwa.

Wiki chache tu kabla ya siku hiyo jengo lilikuwa limekaguliwa na kutangazwa kuwa imara. Aliyelikagua hakuwa tena na leseni, kwa sababu alikuwa amekwisha kutiwa hatiani kwa makosa ya kazi nyingine. Ripoti ikapata uhalali wake kwa saini ya mwenzake wa kampuni, na baadaye, kwa ombi la mwenye jengo, ikapunguzwa yale yaliyohusu uvujaji. Nidhamu, basi, ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake kwenye karatasi, na mtu yule yule akaendelea kupanda ngazi za majengo ya watu. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Paul Bélanger, katika ripoti yake ya Oktoba 2014, ilisema kwamba kutu iliuangusha muundo, lakini kisa chenyewe kilikuwa cha upungufu wa wanadamu. Ikataka habari za waliosimamishwa na kufutiwa leseni zipatikane kwa urahisi na kila raia, na wahandisi wote walazimishwe kuendelea kujifunza. Sharti hilo la pili lilianza kutumika Ontario Januari 2023, zaidi ya miaka minane baadaye! Mkaguzi yule, aliposhtakiwa kwa uzembe wa jinai, aliachiliwa na mahakama mwaka 2017; ni ithibati kwamba mizani ya jinai na mizani ya taaluma hazipimi kitu kimoja.

Mapatano ya namna hii huweza kuvunjwa. Katika jimbo la Québec, baada ya tume ya uchunguzi ya Charbonneau kufichua jinsi kampuni za wahandisi zilivyogawana zabuni na kuvichangia fedha vyama vya siasa, serikali iliiweka jumuiya ya wahandisi, Ordre des ingénieurs du Québec, chini ya uangalizi kuanzia Julai 2016 hadi mwaka 2019. Katika jimbo la British Columbia, kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2021, wahandisi waliachiwa chombo chao, lakini akawekwa juu yao msimamizi wa serikali. Mimi naona njia hii ya pili ina busara zaidi, kwa kuwa haingoji fedheha itokee ndipo mlango ufunguliwe.

Kwa wenzetu waliofika karibuni, jambo moja limekuwa jepesi: mwaka 2023 Ontario iliondoa sharti la kuwa na uzoefu wa kazi uliopatikana Kanada, lililowazuia wengi. Mtihani wa sheria na maadili ya kazi haukuondolewa. Anayepata leseni hupata pamoja nayo muhuri wenye jina lake, na kanuni za jimbo hulihesabu kuwa ni kosa la kitaaluma kuugonga au kutia saini kwenye mchoro wa mwisho au ripoti ambayo hakuiandaa wala kuikagua yeye mwenyewe, hata ikiwa aliyeiandaa ni mkuu wake wa kazi, na hata ikiwa hesabu zote ni sahihi.