Mpaka Umefunguka, Fedha za Misaada Zimekwama

Trela yenye tani 28 za mahindi ya msaada hubeba magunia 560 ya kilo 50. Ukipima kilo 12 za nafaka kwa mtu kwa mwezi, mzigo huo unalisha watu zaidi ya 2,300. Ikitoka Mombasa na kufika Malaba au Busia, trela hiyo husimama foleni moja na zile za ngano, chuma na mafuta ya kupikia, kisha huendelea kwa wakimbizi walioko Uganda, Sudan Kusini au mashariki mwa Kongo.

Katika miji hii miwili ya Kaunti ya Busia, msaada wa kibinadamu ni biashara ya usafirishaji. Dereva na tanboi wake hula vibandani na kulala lojing, wakala wa forodha hulipwa kwa hati anazoshughulikia, na mwenye malori husubiri zabuni ijayo. Kwa hiyo wafadhili wakibana mkono, mpaka huhisi.

Kwa miaka mingi lawama za ucheleweshaji ziliangukia mpaka wenyewe, na hazikuwa za kuonea. Mzigo ulikaguliwa upande wa Kenya, kisha ukakaguliwa upya upande wa Uganda. Hali ilianza kubadilika mwaka 2014, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha eneo moja la forodha. Vikafuata vituo vya pamoja vya mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Kituo cha Busia, kilichogharimiwa na Uingereza na Kanada kupitia TradeMark East Africa, kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni.

Foleni hazijatoweka. Mwaka 2020, madereva walipolazimika kusubiri majibu ya vipimo vya korona, malori yalipangana kwa makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Januari 2022 hali hiyo ilirudi, wakati Uganda ilipotaka madereva walipie vipimo. Hata hivyo, mara zote mbili chanzo kilijulikana na kiliondolewa. Foleni ya fedha ni ngumu zaidi kuiondoa.

Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ambalo ndilo msafirishaji mkuu wa chakula cha msaada katika njia hii, halina mchango wa lazima kutoka kwa nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa. Kila dola ni ya hiari, na nyingi huja zikiwa na masharti kuhusu nchi, kundi la watu au aina ya chakula. Msaada wa chakula wa Marekani, unaotokana na sheria ya mwaka 1954, kwa sehemu kubwa umekuwa mazao ya wakulima wake, na angalau nusu ya shehena hiyo hutakiwa kusafirishwa kwa meli zenye bendera ya nchi hiyo. Kuanzia fedha kuahidiwa hadi gunia kumfikia mlaji, miezi kadhaa hupita. Ili kupunguza pengo hilo, WFP hujikopesha kutoka akiba yake kwa kutegemea ahadi za wafadhili, na hununua chakula mapema na kukiweka karibu na njia kuu.

Umoja wa Mataifa una mfuko wake wa dharura, CERF, ulioanza kazi kwa sura yake ya sasa mwaka 2006. Huo hutoa fedha haraka kabla wafadhili hawajaamka. Lengo lake ni dola bilioni moja kwa mwaka, na halijawahi kufikiwa.

Udhaifu mkubwa wa mfumo huu wote wa misaada ni kutegemea mifuko michache. Mwaka 2024 WFP ilipata takriban dola bilioni 9.8, na karibu bilioni 4.4 kati ya hizo zilitoka Marekani. Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mosi USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, ilikuwa imefungwa. Umoja wa Mataifa, uliokuwa umeomba zaidi ya dola bilioni 47 kwa dharura za mwaka huo duniani kote, ulilazimika mwezi Juni kuweka mbele mahitaji ya haraka zaidi ya bilioni 29. Huko Uganda, WFP iliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja kwenye orodha ya msaada wa chakula mwezi Mei. Watu milioni moja kwa kilo 12 ni tani 12,000 kwa mwezi, sawa na takriban trela 429.

Si zote zingepita hapa, maana sehemu ya msaada sasa hutolewa kwa pesa taslimu, na nafaka nyingine hununuliwa Uganda kwenyewe. Mabadiliko hayo yana faida kwa mkimbizi anayechagua mwenyewe atakachonunua, na kwa mkulima wa Uganda anayepata soko. Mwenye trela ndiye anayepaswa kutafuta mzigo mwingine.

Uratibu nao una ngazi zake. Tangu azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 1991 kuna mratibu mkuu wa misaada ya dharura, na tangu 2005 mashirika yamegawanywa kwa sekta: WFP huongoza usafirishaji, WHO afya, na kadhalika. Kwa wakimbizi uongozi ni wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na Uganda huwasimamia kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Utaratibu huu hupunguza kugongana kwa mashirika, lakini hauna mamlaka juu ya mkoba wa mfadhili.

Na dharura ikitokea hapa hapa? Budalang'i, kusini mwa kaunti hii, Mto Nzoia umefurika mara kwa mara na kuwahamisha watu. Mamlaka ya kitaifa ya kudhibiti ukame haiwezi kutegemewa hapa, maana inahudumia kaunti 23 za maeneo kame, na Busia haimo. Msaada wa kwanza hutegemea Msalaba Mwekundu wa Kenya, unaoweza kuomba mfuko wa dharura wa shirikisho lake la kimataifa, pamoja na serikali ya kaunti. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura, ila malipo yake kwa mwaka yasizidi asilimia mbili ya mapato yake.

Asilimia mbili si nyingi, lakini ni fedha ambazo hazisubiri kikao cha Washington wala Brussels. Bunge la kaunti linapaswa kuhakikisha zimetengwa na zinapatikana kabla ya mvua za Machi. Kwa wafadhili, mahitaji ni mawili: kutoa mapema na kupunguza masharti. Kwa wasafirishaji wa Malaba na Busia, mwaka 2025 umeonyesha wazi kwamba kampuni inayotegemea mzigo wa msaada peke yake iko hatarini. Watafute wateja wengine sasa.