'Shifu' si mwalimu tu: Funzo la kung-fu kwa watafsiri wetu

Wapenzi wa filamu za kung-fu wanalijua neno 'shifu', au 'sifu' linavyotamkwa kwa Kikantoni, lugha ya Hong Kong zilikotengenezwa filamu nyingi za aina hiyo. Tafsiri iliyozoeleka ni 'mwalimu'. Si tafsiri mbaya, ila inapunguza uhondo. Chukua ile hadithi ya kijana anayetumia ujana wake wote kumsaka aliyemuua mwalimu wake. Mtazamaji wetu hujiuliza: kwani mwalimu gani huyu wa kufiwa hivi? Jibu limo ndani ya neno lenyewe, nasi tumelitupa tulipotafsiri.

Hoja yangu leo ni kwamba maneno wanayoitana walimu na wanafunzi wa kung-fu ni maneno ya ukoo. Aidha, ninadai kuwa Kiswahili kina hazina ya kuyatafsiri kuliko Kiingereza, ambacho watafsiri wetu wengi hupitia kwanza kabla ya kufika kwetu.

Tuanze na 'shifu'. Neno hili lina silabi mbili, na kila silabi ina maana yake: 'shi' ni mwalimu, 'fu' ni baba. Shifu basi ni mwalimu-baba. Wachina wana msemo unaoshikilia kwamba aliyekufundisha kwa siku moja ni baba yako maisha yako yote. Mke wa shifu huitwa 'shimu', yaani mwalimu-mama, hata kama hajawahi kurusha teke. Aliyemfundisha shifu ni 'shigong', babu. Na mwalimu akiwa mwanamke? Naye huitwa shifu. Ubaba hapa ni nafasi, si maumbile.

Lipo neno la pili linalotamkwa 'shifu' vilevile, lakini 'fu' yake huandikwa kwa herufi nyingine yenye maana ya mkufunzi. Hili ndilo Wachina wanalotumia kumwitia dereva wa teksi, mpishi, seremala au mrekebishaji wa mabomba. Hapo mfasiri asihangaike, kwa maana tuna neno 'fundi'. Sisi pia humwita mtu 'fundi' bila kumjua jina, na neno lenyewe ni la familia moja na 'funda', 'fundisha' na 'mwanafunzi'. Fundi na mafunzo havijawahi kuachana, Uchina wala huku kwetu.

Turudi kwenye uwanja wa mazoezi. Wanafunzi wa shifu mmoja ni ndugu. Hata hivyo, Kichina hakiridhiki na 'ndugu' tu. Lazima useme nani mkubwa na nani mdogo. Kaka ni 'shixiong', mdogo wa kiume ni 'shidi', dada mkubwa ni 'shijie' na mdogo wa kike ni 'shimei'. Ukimwita mwenzako, tayari umetaja daraja lake na lako.

Na je, ukubwa huo hupimwa kwa nini? Katika mikondo mingi ya jadi haupimwi kwa umri wala kwa ustadi, bali kwa siku ya kupokelewa. Mtu wa miaka 40 aliyepokelewa mwaka huu atamwita 'kaka' kijana wa miaka 20 aliyemtangulia. Jambo hili lisitushangaze. Katika koo zetu, si ajabu mtu mzima mwenye mvi kuwa na 'baba mdogo' anayesoma darasa la tano, na akamheshimu kwa nafasi yake. Nafasi katika ukoo hushinda miaka.

Shixiong naye ana kazi. Bruce Lee, aliyezaliwa mwaka wa 1940, alijifunza mtindo wa Wing Chun huko Hong Kong kwa Ip Man. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mazoezi aliipata kwa Wong Shun Leung, aliyekuwa mkubwa wake katika ukoo huo. Ip Man mwenyewe, akiwa kijana, alipokelewa na Chan Wah-shun, mwalimu aliyekuwa mzee tayari. Chan alipofariki, aliyeendelea kumfunza kijana huyo ni Ng Chung-sok, mwanafunzi aliyemtangulia. Ni lile lile tunalolijua: mzazi akiondoka, kaka hubeba wadogo zake.

Sasa tujiulize: Bruce Lee angemwitaje huyo Ng Chung-sok? Hapa ndipo Kiswahili kinapong'ara. Ng alikuwa kaka wa mwalimu wake, na Kichina kina neno 'shibo' kwa mkubwa wa shifu, na 'shishu' kwa mdogo wa shifu. Kiingereza kina neno moja tu kwa wote wawili, na neno hilo halitofautishi hata ndugu wa baba na ndugu wa mama. Mtafsiri anayepitia huko hufika kwetu mikono mitupu, akaandika 'mjomba'. Hilo ni kosa, kwani mjomba ni wa upande wa mama. 'Ami' lina nafuu, ila halionyeshi ukubwa. Lakini tunayo 'baba mkubwa' na 'baba mdogo', maneno yanayoingia kwenye 'shibo' na 'shishu' kama upanga alani mwake. Tunayatumia kila siku, kisha tukiketi kutafsiri tunayasahau!

Si kila anayelipa ada huingia katika ukoo huu. Kimila, kuna mwanafunzi wa kawaida, na kuna 'tudi', mwana wa kupokelewa. Huyu wa pili hufanyiwa sherehe iitwayo 'baishi'. Hupiga magoti mbele ya mwalimu, huinamisha kichwa hadi chini na kumpa chai kwa mikono miwili. Shifu akiinywa, amemkubali. Kuanzia hapo husemwa kwamba kijana 'ameingia mlangoni', maana mkondo wa mafunzo huitwa 'men', mlango. Akivunja miiko anaweza kufukuzwa mlangoni, adhabu iliyo sawa na kukanwa na mzazi. Na mwanafunzi wa mwisho kupokelewa, ambaye baada yake shifu hapokei tena, ni 'guanmen dizi', yaani mwanafunzi wa kufungia mlango. Watafsiri, sisi tuna 'kitindamimba'. Mnataka nini zaidi?

Nionye pia dhidi ya kuchanganya lugha. Katika klabu zetu za karate utasikia 'sensei'. Hilo ni la Kijapani, na maana yake ya asili ni aliyetangulia kuzaliwa. Herufi zake zikisomwa kwa Kichina huwa 'xiansheng', ambalo siku hizi ni 'bwana' tu. Taekwondo nayo ni ya Wakorea, na mwalimu wake ni 'sabum'. Kumwita mwalimu wa kung-fu 'sensei' ni sawa na kumwita padri 'shehe' kwa sababu wote huongoza ibada.

Adabu nyingine ni kwamba jina la heshima hupewa mtu na wengine, hajipachiki mwenyewe. Kwa sikio la Mchina, anayejitambulisha 'mimi ni Shifu fulani' amekosa staha. Kwa bahati njema, Kiswahili kinatusaidia kukumbuka: anayejiita 'sifu' anajisifu.

Isidhaniwe kwamba maneno haya yamebaki filamuni. Ni kweli kwamba katika vyuo na timu za michezo za Uchina ya leo, mwalimu wa 'wushu' aghalabu huitwa 'laoshi', mwalimu wa kawaida, au 'jiaolian', kocha. Lakini katika vyuo vikuu vya huko, wanafunzi wa uzamili na uzamifu wanaosimamiwa na profesa mmoja bado huitana shixiong na shimei. Mimi ambaye nimesimamia tasnifu kwa miaka mingi nimewaonea wivu. Huku kwetu wanafunzi wa msimamizi mmoja huweza kuhitimu bila kujuana majina.

Suala hili si la watazamaji wa filamu pekee. Tamthilia za Kichina zinatiwa sauti za Kiswahili tangu 'Doudou na Mama Wakwe Zake' ilipoonyeshwa Tanzania mwaka wa 2011, na kazi hiyo inaajiri vijana wetu. Ushauri wangu kwao ni huu. Neno 'shifu' liacheni lilivyo, kwa kuwa watazamaji wamekwisha kulizoea. Lakini shixiong awe 'kaka', shidi awe 'mdogo wangu', shimu awe 'mama', shibo awe 'baba mkubwa' na shishu awe 'baba mdogo'. Mkifanya hivyo, mtazamaji wa Kisumu au Lamu hatauliza tena kwa nini yule kijana anamlilia mwalimu wake namna ile. Ataelewa kwamba amefiwa na baba.