Udongo wa Kiwanja cha Nyumba Usishuke Shambani kwa Jirani



Shambani umekwisha kujifunza kulima kwa kukingama na mtelemko na kupanda majani juu ya kingo za matuta. Lakini siku ya kujenga nyumba hayo yote husahauliwa. Mlima hukatwa kwa sururu, udongo humwagwa upande wa chini, na mvua ya kwanza huuchukua. Karatasi hii yahusu udongo huo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipojenga nyumba yangu katika milima ya Usambara, nilikata kiwanja mwezi wa Machi, kwa kuwa fedha nilizipata mwezi huo. Udongo niliusukuma chini, ukakaa kama kichuguu kikubwa, nami nikadhani kazi imekwisha. Juma la pili masika yakaanza. Asubuhi moja jirani yangu, mama mjane, akaja kupiga hodi. Hakugomba. Alisema tu, "Bwana Shamba, njoo uyaone maharagwe yangu." Nilikuta matuta matatu yamefunikwa na udongo mwekundu, hata jani moja halionekani. Na mimi ndiye niliyemfundisha mama yule kupanda kwa mistari! Nilimlipa mbegu, msimu wenyewe ulikuwa umekwisha kupita.

Udongo wa kiwanja una hatari kuliko udongo wa shamba. Hauna mizizi ya kuushika, tena umelegezwa. Mahali palipokanyagwa na mafundi huwa pagumu kama sakafu, maji hayapenyi, bali hutiririka kwa nguvu. Na huo mwekundu wa chini hauna mboji. Ukifunika shamba, unafunika udongo mweusi uliokuwa ukikulisha.

Basi, ukiweza, kata kiwanja baada ya masika kwisha, mwezi wa Juni au Julai, ili kuta na paa ziwe tayari kabla ya mvua za vuli. Udongo mweusi wa juu uondoe kwanza, uuweke peke yake kando, usiwe katika njia ya maji, uufunike kwa majani makavu. Utautaka baadaye kwa bustani ya mboga.

Kabla ya kukata, chimba mfereji wa kukinga maji upande wa juu wa kiwanja. Usiuweke ukingoni kabisa, maana ukingo utabomoka. Acha nafasi ya futi 10 hivi. Kina futi 1, upana futi 2, na udongo wake utupwe upande wa chini uwe tuta. Mfereji ukilala sawasawa kabisa, maji yatasimama na kufurika. Ukitelemka sana, utageuka korongo. Mtelemko wa futi 1 kwa kila futi 200 watosha.

Kwa macho huwezi kupima hivyo. Funga miti miwili iungane juu, miguu yake iachane futi 6, na mti mwembamba katikati ulale kukingama. Kutoka juu ning'iniza kamba yenye jiwe. Simamisha chombo juu ya vigingi viwili, utie alama kamba inapogusa mti wa katikati. Kisha kigeuze, mguu wa kushoto uwe kulia, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Halafu funga kibao chenye unene wa nusu ya kidole chini ya mguu unaotangulia kwenda maji yaendako. Kamba ikikaa penye usawa, mtelemko ni ule utakao.

Najua kwamba neno matuta huwakumbusha wengine amri. Mwaka 1946 serikali ya wakoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo huko Mlalo, watu wakalazimishwa, wengi wakauchukia, nao ukaachwa kabla ya Uhuru wa 1961. Mimi silazimishi mtu. Lakini mfereji huu unalinda ukuta wako mwenyewe.

Mwisho wa mfereji uwe penye majani mengi, kamwe usiwe njiani wala shambani kwa mtu. Upande wa chini wa kiwanja acha ukanda wa majani usiofyekwa, na juu yake panga mawe au matawi kwa kukingama, udongo unaswe hapo. Ule uliomwagwa ushindiliwe tabaka kwa tabaka, kisha upandwe mara moja majani ya Guatemala au mabingobingo. Ng'ombe watayala.

Liko jambo moja ambalo hata mafundi hodari hulisahau, nalo ni maji ya paa. Bati la futi 30 kwa 20, likinyeshewa inchi 1 tu ya mvua, hutoa madebe 78 hivi ya maji, na yote huanguka penye udongo mpya. Weka mfereji wa bati na pipa. Kama fedha haitoshi, tandika kokoto chini ya michirizi na uyaongoze maji mpaka kwenye majani.

Mvua ya kwanza ikinyesha, usijifungie ndani. Chukua jembe, jifunike gunia, ufuate maji mpaka mwisho wa mfereji. Yakitoka mekundu, tafuta yanakokwangua, uweke mawe siku hiyo hiyo. Kisha shuka kwa jirani wa chini ukamwulize kama kwake pamekauka.