Boriti Kuukuu, Jengo Jipya

Nyumba inapobomolewa, aghalabu boriti, matofali na milango yake hutupwa jalalani au huishia kuwa kuni. Si kwamba vyote vimechakaa. Shida ni kuwa havilingani: boriti moja ina urefu wa mita 2.7, nyingine 3.1 na tena imepinda, naye mchora ramani amezoea kuagiza vipande vya kipimo kimoja.

Mafundi wa kale wa Lamu na Unguja hawakuwa na mazoea hayo. Boriti za mikoko zilikuwa fupi, basi upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Ramani ilitii mti. Huko Uswisi nako, mwaka 2021, watafiti wa EPFL walijenga daraja la waenda kwa miguu, lenye urefu wa mita 10, kwa vipande 25 vya zege vilivyokatwa katika kuta za jengo lililokuwapo.

Siku hizi kompyuta yaweza kurahisisha kazi ya namna hiyo. Kwanza kila kipande hupigwa picha kutoka pande nyingi, na umbo lake likakokotolewa. Kisha mbunifu huvaa miwani maalumu, au hushika simu yenye kamera, akasimama kiwanjani. Hapo huona kiwanja kama kilivyo, na ndani yake picha ya boriti ile ile, kwa kipimo chake hasa, imelala juu ya ukuta ambao bado haujajengwa. Isipofaa, hujaribu nyingine bila ya kuinua mzigo wala kukata mti. (Chombo cha kwanza cha aina hii, alichokitengeneza Ivan Sutherland huko Marekani mwaka 1968, kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa darini.)

Yawezekanaje picha itulie ilhali kichwa chageuka? Kamera hutazama alama zisizosogea, kama vile pembe za ukuta; vipima-mwendo hupima mgeuko, na picha huchorwa upya mara nyingi kila sekunde. Hata hivyo, pembe ikikosewa kwa digrii 1 tu, kitu kilichoko umbali wa mita 3 huonekana kimesogea kiasi cha sentimita 5. Wanafunzi na wathibitishe kwa tanjiti. Mwashi hawezi kuvumilia kosa hilo, kwa hiyo futikamba haijastaafu.

Liko tatizo kubwa zaidi. Picha huonyesha sura ya boriti, haionyeshi mchwa waliokula moyo wake, wala nguvu iliyobakia baada ya kubeba paa miaka hamsini. Hayo fundi huyatafuta kwa kugonga na kusikiliza mlio, na mhandisi kwa kuitwika boriti mzigo na kupima inavyopinda.