Bima ya ulemavu Marekani: kwa nini waliomo waliongezeka hivyo?

Barazani kwetu, baada ya Isha, mazungumzo huanza popote na kuishia popote. Wiki jana yalianza na shemeji yangu. Ni dereva wa lori, umri wake miaka 44, na mwaka jana alipigwa na kiharusi akiwa nyumbani siku ya mapumziko. Mkono wa kushoto haujarudi. Tajiri wake alimlipa miezi miwili, kisha akatafuta dereva mwingine.

Mzee mmoja akasema, "Lau angekuwa Marekani, huyu angelipwa pesa za ulemavu kila mwezi." Kijana mmoja akamrukia: "Wacha wewe! Huko mamilioni wanajifanya wagonjwa ili wasifanye kazi." Nilirudi nyumbani nikakaa kusoma, na nikaona kila mmoja alikuwa na nusu ya habari.

Bima hiyo ipo kweli. Rais Eisenhower aliitilia sahihi mwaka 1956, na mwanzo ilikuwa ya wafanyakazi wa miaka 50 kwenda juu tu. Mwaka 1960 sharti hilo la umri likaondolewa. Si sadaka. Mwajiri na mwajiriwa kila mmoja hukatwa asilimia 0.9 ya mshahara, na kwa kawaida mtu mzima lazima awe amefanya kazi miaka mitano katika kumi iliyopita. Maradhi yawe ya kumzuia kazi yoyote ya maana kwa mwaka mzima au zaidi, au ya kumuua. Baada ya hapo kuna miezi mitano ya kungoja kabla ya kulipwa, na miezi mingine 24 kabla ya kupata bima ya matibabu ya serikali.

Hata hivyo idadi ilipanda. Katikati ya miaka ya 1980 wafanyakazi waliokuwa wakilipwa walikuwa chini ya milioni 3. Kufikia mwaka 2000 walikuwa kama milioni 5, na mwaka 2014 wakakaribia milioni 9. Hizo ndizo takwimu anazozishika yule kijana.

Lakini waliongezeka kwa nini? Kwanza, watoto waliozaliwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kati ya 1946 na 1964, walifika miaka 50 na 60, umri ambao mgongo na moyo huanza kudai haki yao. Pili, wanawake. Mwaka 1956 wengi wao hawakuwa kwenye ajira, kwa hivyo hawakuwa na bima. Walipoingia kazini na kukatwa pesa kama wanaume, wakawa na haki kama wanaume. Tatu, umri wa kustaafu ulisogezwa kutoka 65 kuelekea 67. Anayefikia umri huo huhamishiwa pensheni ya uzee, kwa hivyo ukiusogeza mbele, mgonjwa huhesabiwa kwenye ulemavu muda mrefu zaidi. Mambo haya matatu hayana hila ndani yake. Ni hesabu tu.

La nne ndilo lenye ubishi. Mapema miaka ya 1980, wakati wa Rais Reagan, serikali ilikagua upya waliokuwa wakilipwa na kuwaondoa watu laki kadhaa. Wengi walikata rufaa wakarudishwa, na kelele zikawa kubwa hata Bunge likapitisha sheria mpya mwaka 1984. Kuanzia hapo maumivu na maradhi ya akili yakapewa uzito zaidi, na mtu mwenye maradhi kadhaa madogo akaangaliwa kwa jumla yake. Mlango ukapanuka. Leo maradhi ya mifupa na misuli, pamoja na ya akili, ndiyo yanayoongoza, na hayo si rahisi kuyapima kama sukari ya damu.

Na kuna ajira. Viwanda vikifungwa, maombi hupanda. Kijana wetu angesema, "Unaona? Wanadanganya." Mimi sioni hivyo. Mtu mwenye mgongo mbovu huvumilia akiwa na kazi anayoijua na msimamizi anayemhurumia. Akifutwa akiwa na miaka 56, hana cheti, nani atamwajiri? Kanuni zenyewe za bima hiyo huangalia umri, elimu na kazi aliyozoea mtu, si maradhi peke yake. Wadanganyifu wapo, kama walivyopo kila penye pesa, lakini maombi mengi hukataliwa.

Tena idadi imeshuka. Waliozaliwa baada ya vita wamehamia pensheni, ajira zikapatikana, na sasa waliomo ni zaidi kidogo ya milioni 7. Habari hiyo haikusambazwa kwenye simu.

Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine. Bima hiyo haijui nusu. Ama huwezi kazi, ama unaweza. Mwaka 2025, asiye kipofu akipata zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi huhesabiwa kuwa anaweza, na akiendelea hivyo baada ya muda wa majaribio malipo husimama. Kwa hivyo anayeweza kazi kidogo huogopa kujaribu, na walioingia ni wachache wanaotoka kwa kurudi kazini.

Hapo ndipo nilipomkumbuka shemeji. Sheria yetu ya fidia ya mwaka 2007 ni ya aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, naye alikuwa sebuleni. Inua Jamii hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa mwenye ulemavu mkubwa, na yeye anatembea, anaoga mwenyewe, anakwenda msikitini. NSSF ina malipo kwa asiyeweza tena kazi, lakini huyo tajiri hakuwahi kumsajili. Huwezi kuendesha lori la tani 28 kwa mkono mmoja, na hujaugua vya kutosha kuhesabiwa.

Alhamisi nampeleka hospitali ya serikali akapimwe ili asajiliwe kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Ameniuliza kama afanye kuchechemea zaidi mbele ya daktari. Nikamwambia atembee kama anavyotembea.