Maziwa ya Magamba: Je, Mtu Aweza Kujua Peke Yake?

Mwaka 1637 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alichapisha huko Leiden, Uholanzi, kitabu kilichotangaza kwamba mtu atafutaye ukweli hana budi kuyatilia shaka yote aliyopokea kwa wengine, kisha aanze upya kwa nguvu ya akili yake mwenyewe. Kitabu hicho kiliambatana na insha juu ya mambo ya angani, na humo Descartes aliandika kwamba maji yaliyokaa motoni kwa muda mrefu huganda upesi kuliko maji mengine. Dai hilo la pili lilikuwa la kale, kwani Aristotle alikwisha kuligusia karibu miaka elfu mbili kabla yake. Hata hivyo halikuingia katika mafunzo ya fizikia ya shule, likasubiri mpaka lilipozuka tena milimani Usambara.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari na kuyaacha yapoe, ndipo wayaweke katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ikigombaniwa. Mwenzake mmoja alikoroga sukari katika maziwa yasiyochemshwa, akawahi. Mpemba naye, kwa kuhofia kuikosa nafasi, akayaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yangali rojorojo.

Mwalimu wa fizikia alipoulizwa alijibu kwamba kijana amechanganyikiwa, kwani jambo hilo haliwezekani. Lakini huko Tanga rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu alimwambia kuwa yeye huutia mchanganyiko ungali moto kusudi ugande upesi. Basi lile lililokuwa ujuzi wa kazi kwa muuza aiskrimu lilikuwa upuuzi darasani! Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, na kufundishwa kanuni ya Newton ya upoaji, Mpemba aliuliza tena. Safari hii aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu darasa zima lilimtania kwa maneno ya namna hiyo hiyo.

Ndipo Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo. Mpemba alisimama akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya nyuzi 35 ya ujazo ule ule. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu. Fundi wa maabara aliyepewa kazi hiyo alileta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Maneno hayo huchekesha, lakini si ya fundi huyo peke yake. Katika maabara ngapi za shule matokeo hunyooshwa kimyakimya ili yalingane na kitabu? Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza. Mwaka huo huo George Kell wa Canada naye aliandika juu ya jambo hilo hilo, bila kutegemea kazi yao.

Je, kabla ya hapo Mpemba alikuwa akijua, au akiamini tu? Kwamba maziwa yake yaliganda kwanza, alijua; hakuhitaji shahidi. Lakini kusema kwamba kilicho moto huganda kabla ya kilicho baridi ni kauli nyingine, nzito zaidi. Maziwa yale hayakutofautiana kwa joto tu: haya yalichemshwa, yale hayakuchemshwa. Huenda chombo cha moto kiliyeyusha barafu iliyokuwa chini yake, kikagusana vema na ubaridi wa jokofu. Huenda mvuke ulipunguza kiasi cha maziwa. Macho ya mtu mmoja hayawezi kuyatenga mambo hayo. Aidha, uhakika aliokuwa nao Mpemba haukuwa na alama yoyote ya kuutofautisha na uhakika wa mwalimu wake, ambaye naye hakuwa na shaka hata kidogo. Wala wingi wa watu haukuwa dawa, maana darasa lililocheka lilikuwa halijapima kitu. Msaada aliouleta Osborne ulikuwa utayari wa mtu asiyeamini kwenda kupima.

Na upimaji haujakoma. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0, wasipate ushahidi wa kuridhisha. Walionyesha pia kwamba kukisogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimeta moja tu kwaweza kuzaa matokeo ya kudanganya. Lakini kufika nyuzi 0 si kuganda. Maji yaweza kushuka chini ya hapo yangali kimiminiko. Kwa hiyo darasa litakalojaribu lenyewe, na jokofu moja na vyombo viwili vinavyolingana vyatosha, liandike kwanza kimo cha kipimajoto ndani ya maji, na likubaliane kabla ya kuanza ni dalili ipi itakayohesabiwa kuwa kuganda.