China Square na wafanyabiashara wadogo wa Nairobi

China Square ni duka kubwa la Kichina la vyombo na vifaa vya nyumbani lililofunguliwa Januari 2023 katika jengo la Unicity, Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. Bei zake zilikuwa chini kiasi kwamba wateja walijazana, na mwishoni mwa Februari wafanyabiashara wa katikati ya jiji wakaandamana kulipinga. Waziri wa Biashara wa wakati huo, Moses Kuria, aliwaunga mkono. Duka lilifungwa kwa muda, kisha likafunguliwa tena.

Siri ya bei hizo ni msururu mfupi wa ununuzi. Duka kubwa huagiza moja kwa moja kutoka viwandani China, kwa makontena mazima. Mchuuzi wa maeneo ya biashara ya Kamukunji au Nyamakima jijini humo aghalabu hununua kwa mwagizaji au muuzaji wa jumla, na kila mkono unaopita huongeza faida yake. Juu ya hapo kuna kodi ya pango na riba ya mkopo. Kumwita mchuuzi huyo mlanguzi, kama baadhi ya wanunuzi walivyofanya, ni kumwonea.

Mnunuzi naye ana haki ya kupata nafuu. Lakini duka dogo hukopesha jirani, huuza kwa vipimo vidogo na huajiri ndugu. Likifungwa, hayo hupotea.

Kwa mvutano kama huu, Tanzania ilichukua njia ya sheria: Julai 2025 ilipiga marufuku wageni kufanya biashara ya rejareja, isipokuwa supamaketi.